Kukaa na watoto wakubwa kabla hujaondoka: mwongozo kamili kwa mzazi wa Lubumbashi

Nimekaa katika vilio (matanga) vingi hapa Lubumbashi, kusini mwa Kongo, katika komini za Katuba, Kenya, Ruashi, hata kule Kampemba, na karibu kila mahali nimeona jambo lilelile. Siku ya tatu baada ya mazishi, viti vya kukodi bado havijarudishwa, watoto wa marehemu wanasimama uani. Ni watu wazima, wenye watoto wao. Wanaulizana: karatasi za nyumba ziko wapi? Baba alisema nini? Mkubwa anasema baba alimwambia yeye. Kitinda mimba anasema mama alimwambia yeye. Wote wanasema kweli. Mzazi alisema, lakini vipandevipande, kwa mmoja mmoja, na kila mara maneno yakabadilika kidogo.

Mimi ni mama wa watoto sita, mjane, na moyo wangu umechoka. Daktari ameniambia bila kuzunguka. Nimejaribu kukaa na wanangu mara mbili. Mara ya kwanza kikao kilivunjika kabla ya nusu saa. Mara ya pili kilifika mwisho. Ninayoyaandika hapa yametoka katika mara zote mbili, na katika makosa ya wazazi wenzangu waliokuja kuniuliza baadaye. Fuata hatua kwa mpangilio wake. Wengi wetu tunaanza na kikao, na kikao ni hatua ya saba.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

- Daftari moja gumu, si karatasi zilizolegea. Na kalamu ya wino, si ya risasi.
- Bahasha kubwa tatu na mfuko wa plastiki unaofungwa vizuri. Mvua zetu za Novemba hadi Aprili na mchwa wa mji huu havichagui karatasi.
- Kadi yako ya mpiga kura, na za watoto kama wanakubali kukupa kopi.
- Karatasi zote za nyumba na kiwanja, hata zile unazodhani hazina kazi.
- Cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na cheti cha kifo cha mwenzi wako kama ametangulia.
- Namba ya CNSS (mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii) kama wewe au mwenzi wako mlifanya kazi ya mshahara.
- Simu inayopiga picha.
- Mtu mmoja mnayemheshimu wote, asiye mrithi wako. Mchungaji, mzee wa parokia, jirani wa miaka mingi. Huyu usimsahau, sababu yake utaiona mbele.

Majina ya baadhi ya karatasi nitayaacha kwa Kifaransa, kwa sababu ndivyo yalivyoandikwa juu yake na ndivyo utakavyoulizwa dirishani.

## Hatua ya 1: Jua una muda gani

Nenda kwa daktari ukiwa na mtu mmoja wa kusikia pamoja nawe, maana masikio ya mgonjwa huziba katikati ya maneno. Uliza mambo matatu: ugonjwa wangu unaelekea wapi, nini kitakachonipata kwanza (pumzi, akili, miguu), na maumivu yatatulizwa vipi.

Swali la pili ndilo kubwa. Mwenye hatari ya kupooza anaweza kupoteza mkono na ulimi siku moja. Wosia unataka akili timamu, na saini inayotetemeka sana itapingwa na mtu fulani, mahali fulani. Kama daktari amekwambia hivyo, usianze na kikao wala hesabu za nyumba; ruka hadi hatua ya tano, andika, kisha rudi.

Umefaulu ukiweza kusema hali yako kwa sentensi moja bila kulia. Jizoeze ukiwa peke yako. Mimi nilijizoeza nikichambua sombe (majani ya muhogo).

## Hatua ya 2: Karatasi zote mezani, kisha daftarini

Tandaza kila kitu mezani siku ambayo nyumba ni tupu. Kisha fungua daftari: kila kitu ukurasa wake.

Ukurasa wa nyumba: komini, kartie, avenue, namba. Nani jina lake liko kwenye karatasi. Karatasi gani hasa: certificat d'enregistrement (hati ya usajili), contrat de location (mkataba wa kukodi ardhi ya Serikali), fiche parcellaire (fomu ya kiwanja), au hati ya mauzo tu. Wapangaji ni nani, wanalipa ngapi, na garanti yao ilikuwa ngapi. Hili la garanti wazazi wengi hulisahau. Mpangaji aliweka pesa mkononi mwako, wewe ukaila kwa matibabu au kwa mabati, na siku anahama, watoto wako ndio watakaodaiwa. Sheria ya 2015 kuhusu upangaji inaweka mwisho wa garanti ya nyumba ya kuishi kuwa miezi mitatu. Basi angalau andika uliyopokea, na tarehe.

Ukurasa wa madeni: unayodai na unayodaiwa. Likelemba, ule mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu, iandike kwa undani: mko wangapi, umeshapokea zamu au bado. Ukiwa umepokea na bado unalipa, hilo ni deni. Ukiwa hujapokea, hiyo ni pesa ya watoto wako iliyo mikononi mwa wenzako.

Ukurasa wa simu na benki: laini zipi zina M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, na zimesajiliwa kwa jina la nani. Namba ya siri usiiandike daftarini. Pesa nyingi usizilaze kwenye simu kuanzia leo.

Ukurasa wa CNSS: namba ya usajili na miaka ya kazi. Mjane na yatima wana haki ya pensheni ya walioachwa, lakini bila namba na bila vyeti watazunguka.

Piga picha kila karatasi. Ya asili ibaki kwenye mfuko wa plastiki, mahali pamoja.

Onyo. Usimpe mtoto mmoja karatasi za asili azitunze, hata akiwa malaika. Siku utakapokufa atageuka kutoka mtunzaji hadi mshukiwa, na utakuwa umemtwika mzigo huo wewe mwenyewe.

Umefaulu pale mgeni anapoweza kufungua daftari lako na kujua unacho nini, bila kukuuliza.

## Hatua ya 3: Nyosha yaliyopinda ukingali hai

Hapa ndipo nilipoanguka. Baada ya mume wangu kufariki nilikaa miaka tisa nikiita nyumba "nyumba yangu". Jina kwenye karatasi lilikuwa lake. Nikaandika wosia nikigawa nyumba ambayo mirathi yake ya kwanza haikuwahi kufungwa. Wakili aliyeusoma akaniuliza kwa upole tu: "Mama, unagawa sehemu gani?" Sikuwa na jibu. Nikaurudisha mfukoni.

Yachunguze manne haya.

Ndoa. Ndoa ya kimila iliyofanyika kwa mahari na sherehe lakini haikusajiliwa itamsumbua mwenzi atakayebaki. Nendeni eta-sivili ya komini (ofisi ya kusajili vizazi, ndoa na vifo) mkiwa wawili, na mashahidi wenu, mkaisajili. Mimi nimeona mjane wa miaka thelathini ya ndoa akiitwa "yule mwanamke aliyekuwa akiishi hapa". Sitaki kuliona tena.

Watoto. Mtoto wako mwenye miaka arobaini anaweza kuwa hana cheti cha kuzaliwa. Kuzaliwa kunatakiwa kutangazwa ndani ya siku 90. Muda ukishapita, njia ni tribinali (mahakama), kwa hukumu iitwayo jugement supplétif. Ni kazi ya wiki kadhaa, na ni rahisi zaidi mzazi akiwepo kusema "huyu ni wangu".

Na kama baba ana mtoto nje ya ndoa, amtambue sasa, kwa tangazo la eta-sivili. Sheria inamweka mtoto aliyetambuliwa na baba yake akiwa hai katika kundi moja na wale wa ndani ya ndoa, kwa sehemu sawa. Asiyetambuliwa atabaki mlangoni na picha mkononi. Najua hatua hii inaumiza nyumba. Lakini haiumizi sana ukiisema wewe kama akitokea mwenyewe kilioni.

Ardhi. Tangu sheria ya 1973 ardhi ya nchi hii ni mali ya Serikali; ulicho nacho wewe ni haki juu yake, na hati yenye nguvu ya haki hiyo ni certificat d'enregistrement. Hati ya mauzo iliyotiwa saini mbele ya shefu wa kartie ni mwanzo, siyo mwisho. Nenda ofisi ya ardhi inayohusika na komini yako, uliza kiwanja chako kinasomeka kwa jina la nani, na ombi lako lilikwama wapi. Kama huna pesa za kumaliza safari nzima, fika unapoweza kisha andika daftarini: nimeishia hapa, kilichobaki ni hiki.

Mirathi iliyolala. Kama nyumba bado ina jina la marehemu baba, babu au mume, ifunge hiyo kwanza. Utahitaji cheti cha kifo, kikao cha familia kilichoandikwa na kusainiwa, na hati ya mahakama inayowataja warithi, ndipo ofisi ya ardhi ibadilishe jina. Mtoto aliye mbali, Kolwezi, Kinshasa au ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, atoe procuration iliyothibitishwa, yaani hati ya kumruhusu mtu kutia saini kwa niaba yake. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp si procuration.

Umefaulu wakati majina kwenye karatasi yanafanana na majina ya watu wanaolala ndani ya nyumba.

## Hatua ya 4: Jua sheria inagawa vipi kabla hujagawa wewe

Sheria ni Code de la famille, yaani Kanuni za Familia, ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016. Nitaeleza kwa mfano, maana kwa maneno matupu hata mimi nilipotea.

Chukua baba mwenye mke na watoto sita. Walinunua nyumba wakiwa ndani ya ndoa, na hawakuchagua mpango wowote maalumu wa mali siku ya ndoa. Nyumba ina thamani ya dola 48,000. Kitu cha kwanza: nusu si ya urithi. Mali waliyochuma pamoja ni ya wote wawili, kwa hiyo dola 24,000 ni za mama, si zawadi, ni zake. Kinachorithiwa ni nusu nyingine.

Katika hizo 24,000, robo tatu ni za watoto: dola 18,000, yaani 3,000 kwa kila mmoja. Wasichana na wavulana sawasawa. Aliyeolewa na asiyeolewa sawasawa. Mtoto wako akiwa ametangulia na ameacha watoto, wao wanachukua mahali pake.

Robo inayobaki, dola 6,000, ni ya kundi la pili: mwenzi aliyebaki, wazazi wa marehemu, na ndugu zake. Yakiwapo yote matatu, kila upande una sehemu moja ya kumi na mbili ya urithi, hapa dola 2,000. Tena mwenzi aliyebaki ana haki ya kuendelea kuitumia nyumba waliyoishi na vyombo vyake.

Sasa soma tena mfano huo ukiwaza mila. Mji huu umechanganyika. Kwa Walamba na Wabemba ukoo unafuata upande wa mama, na mpwa ana neno katika mali ya mjomba. Kwa Waluba unafuata upande wa baba, na baba wadogo ndio watakaokuja na sauti. Nyumba nyingi za Lubumbashi zina damu zote mbili, na kila upande utakuja kilioni na mila yake kama vile ndiyo sheria. Wajomba na baba wadogo wana heshima zao, na mimi siwanyimi. Lakini mbele ya mahakama watoto wanatangulia, na ndugu wa marehemu wanakaa katika ile robo.

Onyo. Huwezi kumnyima mtoto sehemu yake kwa kuwa umemkasirikia. Wosia hauwezi kula zile robo tatu. Sheria inayo nafasi ya kumwondoa mrithi asiyestahili, kwa mfano aliyekusudia kukuacha bila huduma katika ugonjwa wako wa mwisho hali alipaswa kukuhudumia, lakini hasira ya mzazi peke yake haitoshi.

## Hatua ya 5: Andika wosia usioanguka

Kuna njia tatu. Mbele ya notere (afisa wa Serikali anayethibitisha hati) au afisa wa eta-sivili. Kwa mkono wako mwenyewe. Au kwa mdomo mbele ya mashahidi, pale kifo kinapokuwa mlangoni. Ya mdomo ina mipaka mingi, usiitegemee.

Mwenye nauli na nguvu aende kwa notere. Anayeandika nyumbani aandike yote kwa mkono wake, mwanzo hadi mwisho, aweke tarehe, aweke saini.

Kosa ninaloliona kuliko yote ni hili: mtoto mwema anachapa wosia kwenye kompyuta ya saiba, mama anatia saini ukurasa wa mwisho, wote wanalala salama. Wosia uliochapwa au ulioandikwa na mtu mwingine ni lazima uwe na saini yako kwenye kila karatasi, pamoja na maneno ya mkono wako kwamba huu ni wosia wako. Bila hivyo unabatilika. Kurasa nne, saini moja mwishoni: umefanya kazi bure.

Mume na mke, kila mmoja aandike wake.

Ndani yake mtaje likidateri, yaani atakayekusanya mali, kulipa madeni na kugawa. Usipomtaja, sheria inampa kazi hiyo mrithi mwenye umri mkubwa kuliko wote, na si kila mkubwa anaiweza. Nilimtaja binti yangu wa tatu. Ndiye anayeandika kila faranka, na ndiye ambaye wenzake hawajawahi kumlaumu kuhusu pesa. Ukimtaja asiye mkubwa, eleza sababu kwa mkono wako katika wosia huohuo, na umpe mkubwa heshima yake kwa kazi nyingine: kuongoza kilio, kusema kwa niaba ya nyumba. Na andika wazi: likidateri si mwenye mali.

Umefaulu pale mtu asiyekufahamu anaposoma na kuelewa bila kubahatisha. Mpe yule mtu asiye mrithi ausome mbele yako. Bahasha moja kwake, moja kwa notere au wakili kama unaye, moja kwenye mfuko wa plastiki.

## Hatua ya 6: Zungumza na kila mtoto peke yake

Mara ya kwanza niliita watoto wote Jumapili bila kuwaandaa. Nikasema tu: "Wanangu, ninakwenda." Wa pili akasimama, "Mama, usisemake vile, Mungu iko," akatoka nje. Kitinda mimba akaanza kulia. Mkwe akaanza kuomba kwa sauti. Kikao kikageuka kilio cha mtu aliye hai, na nyumba ya wanangu sikuitaja kabisa.

Nilikosea kwa sababu niliwapa habari mbili siku moja: kwamba mama atakufa, na kwamba tuhesabu mali. Moyo haupokei zote mbili kwa pamoja. Hatua hii ni ya habari ya kwanza peke yake.

Mpange kila mtoto siku yake. Aliye mbali mpigie usiku, anapokuwa ametulia. Mwambie ugonjwa wako kwa ile sentensi uliyojizoeza. Kisha nyamaza. Acha alie, acha akatae, acha akutajie dawa ya mizizi aliyoisikia Likasi. Usimbishie.

Mali usiiguse siku hii. Hata akiuliza, sema: "Hayo nitayasema mbele yenu wote, kwa maneno yaleyale." Ukimdokezea mmoja tu, umeshapanda mbegu ya kile nilichokiona uani siku ya tatu.

Kuna jambo ambalo ni lake peke yake, na hapa ndipo pa kulisema. Kwa kijana wangu wa pili lilikuwa msamaha. Nilimtoa shule mwaka mshahara wa baba yake uliposimama miezi mingi, nikamwacha kaka yake aendelee, na sikuwahi kumweleza kwa nini. Nilidhani amesahau. Akanitajia siku, saa, na rangi ya shati alilovaa. Tulikaa hadi mkaa ukazima jikoni. Ndiye yuleyule aliyetoka nje katika kikao cha kwanza. Sasa nilijua alitoka na nini moyoni.

Umefaulu pale kila mtoto ameshasikia kutoka kinywani mwako, hakuna aliyesikia kwa mwenzake, na machozi ya kwanza yamekauka. Kwangu ilichukua wiki tano.

## Hatua ya 7: Kikao

Kiite wewe mwenyewe, kwa sauti yako, kwa wote, siku moja. Usimwache mtoto aite kwa niaba yako. Tunajua mji wetu: mtoto anayehimiza mzazi aandike wosia, mzazi akifa mwezi ujao, atasemwa kwamba ndiye aliyemla. Maneno ya ulozi yamegawa nyumba nyingi kuliko pesa. Mlinde mwanao kwa kusema waziwazi mwanzoni: "Wazo hili ni langu. Hakuna aliyenisukuma."

Chagua asubuhi, kabla ya jua kuchoka na wewe kuchoka. Wakae watoto wako na yule shahidi asiye mrithi. Wakwe wasubiri sebule nyingine. Wataambiwa na wenzi wao jioni. Ndugu zako waalike siku nyingine, uwasomee yaleyale, wasije kusema walifichwa. Walio mbali wawe kwenye simu, na bando la intaneti limenunuliwa mapema.

Kabla ya kusema chochote, wale. Bukari (ugali) na samaki, chochote kilichopo. Watu wenye njaa wanagombana.

Kisha soma. Nasema soma, usihadithie. Soma daftari ukurasa kwa ukurasa: nyumba, wapangaji, madeni, likelemba, CNSS. Soma wosia. Kwa nini usome? Kwa sababu ukihadithia, kila mmoja atabeba tafsiri yake. Ukisoma, wote wanabeba maneno yaleyale, na maneno hayo yapo kwenye karatasi.

Baada ya kusoma, mzunguko mmoja: kila mtoto aulize swali moja, kuanzia mdogo. Ukianza na mkubwa, wadogo wataitikia tu. Kitinda mimba wangu aliuliza kitu ambacho hata wakili hakukifikiria: je, chumba cha nyuma alichokijenga kwa pesa zake kinahesabiwa katika nyumba au ni chake? Tuliandika palepale alichotumia, wote wakatia saini. Swali hilo lingetokea baada yangu, lingekwenda mahakamani.

Maonyo mawili. Usibadilishe wosia ndani ya kikao kwa sababu mtu amelia. Sema utafikiri, na utarudi. Na ugomvi wa zamani ukifumuka, shahidi ndiye wa kusema "hilo tuliweke siku yake". Ndiyo sababu asiwe mrithi.

Kikao kizuri hakiishii kwa furaha. Changu kiliisha kwa ukimya, watu wakikusanya sahani. Utajua umefaulu kwa kipimo kimoja: wiki ifuatayo muulize mtoto yeyote karatasi ziko wapi, likidateri ni nani na tunadaiwa na nani. Kama wote wanajibu sawa, mmeshafika.

## Hatua ya 8: Hospitali, mwili na kilio

Hili liandike kwenye ukurasa wake, si ndani ya wosia, kwa sababu wosia mara nyingi hufunguliwa wakati umeshazikwa.

Hospitali: nani ataongea na daktari ukishindwa kuongea. Mmoja, na msaidizi wake. Ni kiasi gani cha matibabu unachotaka. Mimi nimeandika kwamba maumivu yatulizwe mpaka mwisho, lakini nyumba isiuzwe kwa ajili ya siku kumi za kunichelewesha. Watoto hawawezi kujiamulia hilo. Mtoto atakayesema "basi" bila neno la mzazi ataishi na neno hilo maisha yake yote.

Mwili: Lubumbashi au kijijini? Kusafirisha marehemu kwenda Kamina au Bukama kunaweza kula kila kitu ulichoacha. Kama unataka hapa, andika hapa, na uwaambie wazee wa ukoo ukiwa hai, vinginevyo watasema watoto wamekutupa ugenini.

Kilio: siku ngapi, mahema mangapi, nani anashika daftari la michango. Na neno hili liandike kwa herufi kubwa: hakuna kuuza kiwanja wala kukopa kwa riba ili kulisha kilio.

Mwezi haujaisha baada ya mazishi, mmoja wao awe ameshakwenda eta-sivili kuandikisha kifo. Bila cheti hicho hakuna dirisha litakalowafungukia, si la ardhi, si la CNSS, si la benki. Andika jina la atakayekwenda.

## Hatua ya 9: Toa baadhi ya vitu sasa

Vitenge, sufuria kubwa ya sherehe, saa ya baba yao, picha. Kwa pesa havina thamani kubwa, lakini ndivyo vinavyogombaniwa kwa uchungu zaidi. Vitoe kwa mkono wako, kimoja kimoja, na ueleze kila kimoja kilitoka wapi. Nilimpa binti wa kwanza kinu cha mama yangu. Alidhani ni cha sokoni. Kumbe kilikuja kwa treni kutoka Bukama, ndani ya gunia la mihogo, mwaka niliokuwa na mimba yake.

## Hatua ya 10: Fungua daftari kila mwaka

Mpangaji amehama, deni limelipwa, mjukuu amezaliwa. Weka tarehe moja ya kila mwaka. Yetu ni Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka. Wosia ukibadilika, andika mpya mzima wenye tarehe mpya, na useme ndani yake kwamba ule wa zamani umefutwa. Usikwangue wala kuongeza maneno pembeni.

Mwaka huu kijana wangu wa pili ndiye aliyenikumbusha. Alikuja Ijumaa jioni, akatoa daftari kwenye mfuko wa plastiki, akanunua kalamu mpya kwa mama wa kioski. Akakaa karibu nami, akasema, "Mama, tuanze na nyumba."